Mpangaji Ameondoka, Sanduku Limebaki

Siku hizi hata vijijini watu wanapangisha vyumba. Zamani mgeni alipokelewa, akapewa mkeka na chakula, na hakuna aliyemdai kitu. Leo penye barabara, penye gulio, penye shule au zahanati, utakuta nyumba yenye vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Walimu, mafundi, wachuuzi, vibarua wa mashamba, vijana wa pikipiki, wote wahitaji mahali pa kulala. Si jambo baya. Kodi ya chumba imesomesha watoto wengi. Lakini imeleta swali ambalo babu zetu hawakuulizwa mara nyingi: mpangaji akiondoka, akaacha vitu vyake, na siku zikapita bila habari, vitu vile ni vya nani?

Tutoe mfano. Majina hatuyataji, maana mambo haya yaweza kutukia katika kijiji cho chote.

Mama mmoja mjane ana nyumba ya vyumba vitatu karibu na gulio. Chumba kimoja amempangisha fundi cherehani, kijana mtulivu aliyetoka mkoa mwingine. Kodi ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza analipa vizuri. Kisha mvua zinakuwa chache, watu hawana fedha za kushona nguo, na fundi anaanza kudaiwa. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asubuhi moja anaaga kwamba anakwenda mjini kununua nyuzi na vitambaa, naye atarudi baada ya siku nne. Wiki inapita. Mwezi unapita. Simu yake haipatikani. Chumbani mna cherehani yake, sanduku la bati lenye kufuli, godoro, sufuria mbili, jiko la mkaa, na nguo tatu za wateja ambazo hazijamalizika.

Hapo shemeji yake anakuja kumtembelea.

“Shemeji,” anasema, “huyu mtu harudi tena. Uza cherehani, ujilipe deni lako, na fedha itakayobaki umpelekee mtoto sekondari.”

“Nimewaza hivyo hivyo, shemeji,” mama anajibu. “Usiku wa jana sikulala. Mtoto aripoti shule mwezi ujao, na sina hata fedha ya viatu.”

“Sasa wangoja nini?”

“Moyo wangu haujakubali.”

Tumwache mama huyu kidogo, tutazame kwanza kama moyo wake unamwambia kweli.

MALI NI YA NANI?

Jibu ni fupi: mali ni ya mwenyewe. Kuondoka si kutoa zawadi. Kukawia si kuuza. Hata kudaiwa hakumwondolei mtu mali yake. Mtu akisahau jembe lake shambani kwako, jembe haliwi lako kwa sababu limelala katika udongo wako. Vivyo hivyo cherehani haiwi ya mwenye nyumba kwa sababu imebaki ndani ya kuta zake.

Wengine husema, “Mimi sikuiba. Nimekikuta.” Neno hili lahitaji kupimwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ambayo ni sura ya 16 ya sheria za nchi, yaeleza habari ya mtu anayeokota kitu kilichopotea na kukifanya chake. Haihesabu kuwa ni wizi ikiwa wakati ule hamjui mwenye kitu, na ana sababu za kweli za kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Kenya nayo ina sheria ya namna hiyo hiyo. Sasa tazama mwenye nyumba. Je, yeye hamjui mwenye cherehani? Amjua jina. Ajua mkoa alikotoka. Amekula naye ugali. Basi hawezi kujificha nyuma ya neno hili la kuokota.

Na mbele ya Mungu je? Amri ya saba yakataza kuchukua mali ya mwingine, na pia kukaa nayo bila haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba ya 2409 yahesabu miongoni mwa makosa dhidi ya amri hiyo kukaa kwa makusudi na vitu vilivyoazimwa au vilivyopotea. Watu wengi huwaza kwamba mwizi ni yule avunjaye mlango usiku. Kumbe yawezekana mtu akawa na mali ya wizi bila kuvunja mlango wo wote, kwa kunyamaza tu.

Tena hatari kubwa haiji kwa siku moja. Leo mtoto anaazima sufuria ya mpangaji kwa sababu yetu imetoboka. Kesho godoro latolewa kwa ajili ya mgeni. Keshokutwa mkaa umeisha na jiko limevunjika. Wahenga walisema kwamba chovya chovya yamaliza buyu la asali. Mwenyewe akirudi atakuta chumba kitupu, na hakuna mtu nyumbani atakayekumbuka siku aliyoanza kuwa mwizi.

MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI

Torati ya Musa ililiona jambo hili zamani sana. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mwisraeli aliagizwa kwamba akimwona ng’ombe au kondoo wa mwenzake amepotea, asijifanye haoni. Amrudishe. Na kama mwenyewe akaa mbali au hajulikani, amchukue mnyama nyumbani kwake, amtunze mpaka mwenyewe aje kumtafuta, ndipo ampe. Na neno hili si la mifugo tu. Lataja pia nguo na kila kitu kinachopotea. Angalieni: kuchukua nyumbani ni ruhusa, lakini ni kwa kutunza.

Kitabu cha Tobiti chatupa mfano mwingine mzuri. Tobiti alipokuwa akisafiri kwenda nchi ya Umedi kwa kazi ya mfalme, aliweka fedha nyingi, talanta kumi, kwa ndugu yake mmoja jina lake Gabaeli. Baadaye njia ziliharibika kwa vita, Tobiti asiweze kwenda tena. Miaka mingi ikapita. Tobiti akawa maskini, kisha akawa kipofu. Gabaeli angeweza kusema, “Mzee huyu amekwisha kufa, fedha hizi sasa ni zangu.” Hakusema hivyo. Malaika Rafaeli alipofika kwake kwa niaba ya kijana Tobia, Gabaeli aliileta mifuko na kuihesabu, na mihuri yake ilikuwa bado haijaguswa. Fedha ile ilirudi kwa mwenyewe kama ilivyowekwa.

Katika kitabu hicho hicho mna kisa cha mbuzi. Mke wa Tobiti alikuwa akifuma kwa ujira, na siku moja matajiri wake wakampa mshahara na mwana-mbuzi juu yake. Tobiti aliposikia mbuzi akilia nyumbani aliuliza kama hakuibiwa, akataka arudishwe kwa wenyewe. Mkewe alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa mbuzi alipewa kwa halali. Hapa twajifunza mambo mawili. La kwanza, kichwa cha nyumba aulize mali imetoka wapi kabla ya kuila. La pili, aulize kwa adabu, na jibu la mkewe aliamini.

Naye Mtakatifu Agostino, aliyebatizwa Milano mwaka 387, katika hotuba moja aliwasimulia Wakristu wake habari ya mtu mmoja wa Milano, maskini sana, mtumishi wa mwalimu wa shule. Huyu aliokota mfuko wenye sarafu za dhahabu zipatazo 200. Hakumjua mwenyewe. Akaandika tangazo, akalibandika mahali pa watu wengi. Mwenye mfuko akaja. Maskini yule hakumpa mara moja, bali alimwuliza kwanza: mfuko wako ni wa namna gani, muhuri wake upi, hesabu ya fedha ni ngapi? Alipojibu sawasawa, akampa. Tajiri kwa furaha akataka kumpa sarafu 20. Akakataa. Akataka kumpa 10. Akakataa. Hata tano akakataa. Tajiri akaubwaga mfuko chini, akasema kwamba kama hapokei cho chote, basi naye hakupoteza kitu. Mwishoni maskini akakubali kupokea, kisha akawagawia maskini wenzake zote, asibakize hata moja nyumbani.

Mtu yule alikuwa na njaa kama sisi. Alikuwa na haja ya fedha kama yule mama mjane.

NA DENI JE?

Hapa ndipo wenye nyumba wengi huona uchungu, nasi hatuwezi kuudharau uchungu huo. Kodi ni haki. Mpangaji anayekaa miezi mitatu bila kulipa, hali anaweza, naye amevunja amri ya saba. Mjane anayengoja kodi ili anunue chumvi si tajiri anayedhulumu watu.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Deni lina njia yake, na mali ina njia yake. Tufanye hesabu. Fundi adaiwa shilingi 45,000. Cherehani iliyotumika, tuseme yauzwa shilingi 200,000. Ukiiuza na kujilipa, zinabaki shilingi 155,000. Hizo ni za nani? Shemeji alisema zimpeleke mtoto sekondari. Kwa amri ya nani? Hata kama deni ni la haki, zile 155,000 hazikuwa deni. Na huenda umeiuza kwa bei ya kutupa kwa kuwa ulikuwa na haraka. Tena nani alikuchagua uwe mdai, hakimu na dalali kwa wakati mmoja?

Torati iliweka mipaka hata kwa mdai mwenye haki. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mdai alikatazwa kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa sababu kumnyang’anya mtu jiwe lake ni kumnyang’anya uhai wake. Alikatazwa pia kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kujichagulia rehani. Asimame nje, angoje aletewe. Na akichukua vazi la maskini, alirudishe kabla ya jua kutua, ili mwenyewe apate la kujifunika usiku. Sasa jiulize: cherehani ya fundi ni nini kama si jiwe lake la kusagia? Jembe la mkulima ni nini? Msumeno wa seremala je? Ukiuza chombo cha kazi, umeuza na mkono ambao ungekulipa.

Dawa ya deni ni kulipa, na mahali pa kulidai pako. Anza katika ofisi ya kijiji, mjaribu kupatana. Mkishindwa, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya namna hii kwa Kiswahili. Nenda na mkataba kama upo, na daftari la kodi, na mashahidi. Mahakama ndiyo yenye uwezo wa kuamuru mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa, na fedha inayozidi deni irudi kwa mwenyewe. Wewe huna uwezo huo, hata kama ufunguo uko mfukoni mwako.

YAFAA KUFANYA NINI?

Kwanza, usiingie chumbani peke yako. Mwite balozi au mwenyekiti wa kitongoji, na jirani mmoja au wawili wenye kuaminiwa. Ukiingia peke yako, hata ukitoka mikono mitupu, mwenyewe aweza kurudi na kusema kwamba palikuwa na fedha chini ya godoro. Utajitetea kwa nini?

Pili, andikeni orodha. Kila kitu na hali yake: godoro moja, limechanika, cherehani moja, nzima, sanduku moja, lina kufuli. Wote waliopo watie sahihi au dole gumba, pamoja na tarehe. Nakala moja ibaki ofisini, moja kwako. Mwenye simu ya kupiga picha, apige picha. Sanduku lenye kufuli liachwe na kufuli yake. Kumbuka mihuri ya Gabaeli.

Tatu, tunza. Hulazimiki kuacha chumba kitupu mwaka mzima. Ikionekana kwamba mpangaji ameacha chumba, na ofisi ya kijiji imejulishwa, vitu vyaweza kuhamishiwa mahali pengine pa salama. Sanduku liweke juu ya matofali kwa sababu ya mchwa. Cherehani ipake mafuta, uifunike kwa gunia au kaniki. Nguo zianikwe juani mara moja moja panya wasizitafune. Si lazima utunze vizuri kuliko vitu vyako, lakini usitunze vibaya kuliko vyako. Gharama ya kweli ya kuhifadhi, andika. Waweza kuidai kwa haki.

Nne, mtafute mwenyewe. Piga simu zaidi ya mara moja, na kwa siku mbalimbali. Waulize wateja wake, rafiki zake, madereva wa njia aliyopita. Sisi Wakatoliki tuna njia nyingine ambayo mara nyingi twaisahau. Mkristu anayehamia mahali hupaswa kuja na barua ya parokia yake, na jina lake huandikwa katika jumuiya. Mwendee katekista. Mwombe paroko aandike kwa paroko mwenzake. Kutoka parokia hadi kigango, kutoka kigango hadi jumuiya ndogo ndogo, habari yaweza kufika hadi mlangoni kwa mama yake mzazi. Ndugu zetu Waislamu nao wana imamu na msikiti wao. Habari ikisikika, tuma ujumbe ulioandikwa: vitu vyako viko, njoo au tuma mtu, siku yetu ya mwisho ya kungoja ni tarehe fulani.

Tano, ngoja kwa muda wa haki, wala usijipangie mwenyewe. Ofisi ya kijiji ijue, iandike. Muda ukiisha na mwenyewe hakuonekana, shauri lipelekwe mahakamani au polisi, na ufanye utakaloelekezwa kwa maandishi. Kipande cha karatasi chenye muhuri kitakulinda miaka kumi baadaye. Milima haikutani, binadamu hukutana.

VITU VYA KUANGALIWA KWA MAKINI

Si vitu vyote vyangoja sawasawa.

Vinavyooza haviwezi kungoja. Ndizi, nyanya, samaki, hata mahindi yaliyoanza kutoboka, viuzwe mbele ya mashahidi kwa bei ya soko, na fedha iwekwe katika bahasha yenye jina la mwenyewe. Kuku na mbuzi walishwe. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, chaeleza habari ya mnyama aliyewekwa kwa jirani: akiraruliwa na mnyama wa porini, mtunzaji aonyeshe mabaki yake kuwa ushahidi. Hata leo yafaa: mbuzi akifa, mwite shahidi kabla ya kumzika.

Vyeti na vitambulisho vitunzwe mahali pakavu. Cheti cha shule, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, kitambulisho cha taifa, kwako ni karatasi tu. Kwa mwenyewe ni kazi, ni shule, ni matibabu. Kupata kingine huanza kwa taarifa ya polisi, kisha safari na gharama. Mwenye nyumba anayeficha vyeti vya mpangaji ili kumlazimisha alipe amefanya jambo baya, maana amemfungia mlango wa kazi ambayo ingemwezesha kulipa.

Dawa zisitumiwe na mtu mwingine ye yote. Zipelekwe zahanati. Na ukiona dawa za ugonjwa fulani, funga mdomo. Jina jema la jirani nalo ni mali yake, na amri ya nane yalilinda.

Barua za mtu zisisomwe. Sumu ya panya na dawa za shamba ziwekwe mbali na watoto. Bunduki, risasi, bangi au kitu cho chote cha kutia shaka kisishikwe kabisa. Mwite mwenyekiti na polisi siku ile ile.

Mali ya watu wengine, kama zile nguo tatu za wateja, irudishwe kwa wenyewe mbele ya shahidi, kila mmoja akieleza kwanza nguo yake ni ya rangi gani na kitambaa gani. Na takataka ni takataka. Chupa tupu na magazeti yaliyoliwa na mende hayahitaji mahakama, bali shahidi ayaone kabla hayajachomwa.

IKIWA AMEFARIKI

Yawezekana habari itakayokuja ni ya msiba. Hapo vitu vimekuwa mirathi. Visichukuliwe na rafiki wa kwanza kufika, wala na mjomba mwenye sauti kubwa. Kwa kawaida ukoo hukaa, humpendekeza mtu, na mahakama humthibitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Mpe huyo vitu, kwa orodha ile ile, naye atie sahihi. Wako watoto wa marehemu ambao hujawahi kuwaona. Sufuria mbili na cherehani pengine ndiyo yote waliyoachiwa na baba yao.

KWA WANAOPANGA

Nanyi wapangaji, msiwabebeshe wenzenu mzigo. Ukiona huwezi kulipa, sema mapema. Kuondoka usiku hakufuti deni, bali kwaongeza aibu juu yake. Ukisafiri, acha kwa mwenye nyumba namba ya simu ya ndugu yako, na jina la kijiji chenu. Ukitaka kuacha vitu, omba ruhusa, andikeni, mpange siku ya kuvichukua. Jumba la mtu si ghala lako la bure.

Kwa vijana wanaochanga kodi na kukaa chumba kimoja, mjini au karibu na chuo, shauri ni hilo hilo, tena la lazima zaidi, kwa kuwa vitu vyenu vimechanganyika. Siku ya kuingia andikeni: redio ni ya nani, jiko ni la nani, kitanda kimenunuliwa na nani. Mwenzako akiondoka na kuacha shati na viatu, usianze kuvivaa kwa kisingizio kwamba “tulikuwa ndugu.” Kwa sababu mlikuwa ndugu, mpigie simu.

Na aliyekwisha kuuza au kutumia mali ya namna hii afanyeje? Aungame, lakini asidhani kwamba kuungama kumemaliza. Zakayo, katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 19, hakutoa machozi tu. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na waliodhulumiwa akaahidi kuwarudishia mara nne. Arudishe kitu, au thamani yake, kwa mwenyewe au warithi wake. Akitaka kuficha aibu yake, padre aweza kumshauri njia ya kurudisha bila jina lake kujulikana. Na kama mwenyewe na warithi hawapatikani kabisa, aliyechukua kwa dhuluma asibaki nayo. Tangu zamani walimu wa Kanisa wamefundisha kwamba mali ya namna hii iende kwa maskini.

TURUDI KWA MAMA MJANE

Katika mfano wetu, mama hakuuza. Alimwita mwenyekiti wa kitongoji na jirani wawili, wakaandika orodha. Nguo za wateja zilirudi kwa wenyewe. Cherehani aliiweka chumbani kwake, na chumba akampangisha mtu mwingine. Jirani mmoja alitaka kuikodi cherehani kwa malipo ya kila siku. Mama alikataa, akisema hawezi kukodisha jasho la mtu asiyejua alipo. Mtoto aliripoti shule akiwa na viatu vya binamu yake, vikubwa kidogo, vilivyojazwa vitambaa mbele. Kuku wawili waliuzwa kwa ajili ya madaftari. Jambo hili halikuwa jepesi, na shemeji hakuacha kumcheka.

Paroko aliandika barua. Baada ya wiki sita ikaja habari kutoka kwa katekista wa kigango cha mbali: kijana yu hai. Pikipiki aliyopanda siku ile ilianguka, mguu ukavunjika mahali pawili, na simu ikapotea. Alilala hospitali miezi miwili, kisha nyumbani kwa mama yake. Mwezi wa saba alirudi, akitembea kwa magongo. Alisimama nje ya mlango, haingii.

“Mama, najua nadaiwa,” alisema.

“Keti kwanza, mwanangu. Deni halikimbii.”

“Na cherehani yangu... uliuza kwa nani? Nitamfuata nimwombe.”

Mama hakujibu. Aliingia ndani, akafunua gunia.

Katika miezi mitatu kijana alilipa shilingi zote 45,000, na sare ya pili ya mtoto aliishona bila kudai kitu. Lau cherehani ingeuzwa, asingekuwa na cha kulipia, na wote wawili wangebaki na uchungu hadi kaburini.

Si kila kisa huisha namna hii. Mara nyingine mpangaji harudi kabisa, na deni lapotea. Mara nyingine hurudi na matusi badala ya shukrani. Haki haifanywi kwa sababu ina faida. Lakini wako mashahidi ambao hukosekana mara chache, nao ni watoto wetu. Wanaliona sanduku la mgeni kila siku wanapopita. Wanaiona kufuli yake. Wakikua wakikuta kufuli ile haikuguswa hata siku ambayo nyumbani hapakuwa na chumvi, hawatahitaji mahubiri marefu juu ya amri ya saba. Na wakikuta imevunjwa, mahubiri hayatawasaidia sana.

Basi, jioni ya leo, baada ya Rozari, baba na mama watazame pembeni mwa nyumba. Pengine liko jembe la mtu, au baiskeli, au mfuko wa kijana aliyewahi kulala kwenu. Ulizaneni: mwenyewe yuko wapi? Nani amjua nduguye? Kesho apigiwe simu.